Supu ya Mikono ya Gari

Nilipofungua mlango wa balkoni Jumamosi hiyo asubuhi, nilikuta pakiti yangu ya unga wa ugali ikining'inia kwa kamba ukingoni mwa meza, na mume wangu amepiga magoti mbele yake kama anayetubu. Alikuwa amebana kipande cheusi cha plastiki kwenye meza kwa jiliwa, akafunga kamba kwenye ncha ya kipande hicho, akautundika unga. Sasa alikuwa ameshika rula ya shule aliyoiacha mtoto wetu anayesoma bweni, akipima plastiki imeinama kiasi gani.

"Usiguse," aliniambia kabla sijasema lolote.

"Huo ni unga wa mchana."

"Nipe dakika kidogo tu. Hii ni research."

Nyuma ya pazia la sebule nilimwona mama yangu akichungulia. Alipogundua kwamba nimemwona, aliliachia pazia, akaigeuza ile fremu ya chuma aliyokuwa akitembelea, akarudi chumbani pole pole. Sijui alidhani mkwe wake anaabudu nini pale nje.

Mume wangu anafanya kazi ya bima katikati ya jiji. Jumatatu hadi Ijumaa analipwa kufikiria ni kitu gani kinaweza kuvunjika, na Jumapili baada ya kanisa anaenda mtaa wa Karen kuvunja vyake mwenyewe. Ana gari la mashindano linaloendeshwa kwa rimoti, urefu wake kama kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Nikiliita gari la kuchezea hanijibu mpaka jioni. Kila gurudumu lake limeshikwa na mkono, yaani kipande chembamba kinachotoka kwenye mwili wa gari hadi kwenye gurudumu, kikipanda na kushuka njia inapokuwa na matuta. Mkono ukivunjika, gurudumu hulala ubavu na mbio huwa zimekwisha. Na yake ilikuwa ikivunjika. Tangu aanze kushindana hakuwa amemaliza mbio hata mara moja, kiasi kwamba wenzake walimwachia kiti cha kudumu karibu na meza ya matengenezo.

Imani yake yote ilikuwa kwenye ugumu. Mkono usiopinda, alinieleza mara nyingi nikiwa nimevaa hedifoni, hulifanya gari likate kona jinsi ulivyoliambia. Kwa hiyo alianza na mikono ya kaboni, aliyoipata kwenye kibanda cha ghorofani mjini. Ilikuwa mizuri, sikatai. Aliutundika unga, na rula ikasema haujashuka hata kidogo. Aliniita nije nishuhudie. Jumapili yake gari liligusa nguzo ya kona na mkono ukakatika kama biskuti. Akahamia alumini. Unga ukatundikwa, alumini nayo haikutikisika. Ilipogonga nguzo haikuvunjika, ila ilipinda na ikabaki imepinda, gari likawa likitembea upande upande hadi akalitoa mbioni. Ndipo aliporudi kwa unyonge kwenye plastiki ya kawaida, ya aina ile iliyokuja na gari, ambayo ilikuwa imekaa dukani kwenye mfuko mkavu sijui tangu lini. Nayo ikavunjika.

Aliyemwokoa ni daktari wa meno mstaafu, mzee mpole ambaye gari lake halikuwahi kuvunjika. Alimvuta kando akamwambia siri: ichemshe. Plastiki ya aina ile hunywa maji. Ikiwa kavu ni ngumu lakini haina uvumilivu, na ikishashiba maji inakubali kupinda, halafu inarudi. Ila asizidishe dakika ishirini, mzee alimwonya, kwa sababu ikizidi italegea. Unga niliomkuta nao asubuhi ile ulikuwa wa kupima plastiki kabla haijachemshwa, ili baadaye alinganishe.

Mimi sikuwa na nafasi kichwani ya mambo ya plastiki. Siku iliyofuata ndugu yangu alikuwa aje kumchukua mama.

Mama aliangukia shambani kwake Ukambani akichuma mbaazi. Alivunjika nyonga, na akalala pale chini kati ya mistari ya mbaazi tangu asubuhi hadi jioni, jirani alipopita akitafuta mbuzi wake. Alipofanyiwa upasuaji, daktari alisema akae karibu na hospitali kwa ajili ya mazoezi hadi aweze kutembea bila fremu, na sisi tunaishi Parklands, hatua chache kutoka hospitalini. Hakuna mahali pengine palipofaa. Lakini kwa watu wa rika lake mama hafanyi makazi kwa mkwe. Anaweza kuja mchana, akaletewa soda, akayasifu makochi, na jua likianza kushuka anaulizia njia. Kulala chini ya paa la mkwe ni fedheha, kula naye meza moja ni fedheha zaidi, na kumkazia macho hata hakusemeki.

Kwa hiyo tuliishi hivi: mume wangu akiingia sebuleni, mama anatoka. Mama akiwa koridoni, mume wangu anakumbuka kitu kwenye gari. Mama hakuwahi kumwita mkwe wake kwa jina. Kwake alikuwa "mwenye nyumba", na maneno yote yalipitia kwangu hata tukiwa watatu mahali pamoja.

"Mwulize mwenye nyumba kama amekula."

"Mwambie mama nimekula, ahsante."

Na mimi hapo katikati nikiwafikishia watu habari walizokwisha kuzisikia wenyewe. Nilicheka mwanzoni, kisha nikachoka. Mama alikuwa akilia chumbani akidhani simsikii. Juma hilo alinitangazia kwamba anaenda kwake, mguu utapona hata huko, na akafunga mizigo yake yote kwenye kiondo na begi moja. Nilimbembeleza, nikamkasirikia, nikamtumia mchungaji. Hakupinda. Niliyekuwa nikimhofia ni mama yule aliyelala kwenye mbaazi, peke yake, na safari hii pengine mbuzi wa jirani wasipotee.

Basi Jumamosi hiyo nilienda dukani kwangu Ngara, ninakouza vitambaa vya sare za shule, nikiwa na moyo mzito. Haya yaliyofuata niliyapata baadaye kwa vipande, nusu kwa huyu na nusu kwa yule.

Mume wangu alichukua sufuria yangu kubwa kuliko zote, ile ya wageni, akaijaza maji, akatia mikono yake minne ya plastiki, akafunika, akawasha gesi. Kabla dakika zake ishirini hazijaisha, wanaume wa kanisa wakampigia simu kwamba mkutano umeanza na yeye ndiye mwenyekiti. Sasa hapo mtu mwingine angesema, "Mama, tafadhali nizimie gesi baadaye kidogo." Lakini atamtumaje mama mkwe? Alisimama koridoni, akakohoa, akautazama ukuta, akauambia, "Kuna kitu iko kwa gesi." Kisha akatoka. Alidhani amemaliza kila kitu.

Niliporudi alasiri, harufu ya kitunguu na dhania ilinipokea ngazini. Nilimkuta mama jikoni, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu alipofika, ameketi kwenye stuli na fremu yake kando, amelipa jiko kisogo na kuliangalia dirisha.

"Nani anapika?" nikauliza.

"Mwenye nyumba." Alisema kwa Kikamba, kwa ile sauti ya chini anayoitumia kanisani. "Ananipikia supu ya mifupa."

Kwetu mtu akivunjika mfupa hupikiwa supu ya mifupa. Huchemka nusu siku mpaka maji yawe mazito, na kazi hiyo ni ya binti au ya mke wa mwana. Kwamba binti mwenyewe sikuwa nimeipika, kwa sababu ya duka, ni jambo ambalo mama alikuwa amelinyamazia kwa adabu. Sasa mkwe wa kiume ameipika, tena bila kujitangaza.

"Alisimama pale akauambia ukuta kuna kitu kwa gesi," mama aliendelea. "Akaondoka. Hata shukrani hakutaka."

"Umefunua?"

"Nifunue sufuria ya mkwe wangu?" Alinitazama kana kwamba simjui. "Maji nimeongeza nikiwa nimeangalia dirisha. Chumvi pia. Na kitunguu na dhania, kwa sababu wanaume husahau."

Kisha akalikunja kunja pindo la leso yake.

"Mpigie ndugu yako," akasema. "Mwambie kesho asije. Mtu akikuwekea supu motoni, huwezi kuiacha hapo ukaenda zako."

Niliinua kifuniko kidogo tu. Mikono minne myeusi ilikuwa ikizunguka pole pole pamoja na vitunguu, na majani ya dhania yamenasa kwenye matundu ya skrubu. Nilirudisha kifuniko kabla hajageuka. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, na nikaogopa kwamba nikianza moja, lingine litafuata.

"Bado haijaiva," nikamwambia.

Nilimngojea mume wangu chini kwenye ngazi. Nilimweleza yote kwa kunong'ona, na ninyi mnaodhani mnawajua waume zenu, sikieni neno la kwanza lililomtoka.

"Zimechemka tangu nitoke?"

"Tangu utoke."

"Hizo zimelegea. Zimeisha hizo."

"Mama anakaa," nilimwambia. "Umesikia? Amesema anakaa, kwa sababu ya supu yako. Kwa nini hukumwambia azime tu?"

"Nimtume mathe wako azime gesi? Mimi?" Aliniangalia kwa mshtuko wa kweli. Halafu nikaona habari yenyewe ikimfikia, taratibu, kama kawaida yake. Alivua miwani, akaipangusa kwa tai. "Anakaa kweli?"

Hakungoja jibu. Aligeuka akashuka hadi buchari ya Ngara, akarudi na mifupa ya ng'ombe ndani ya mkoba wa laptopu wa kampuni. Mimi nilimpeleka mama chumbani azungumze na ndugu yangu kwenye simu, na ndugu yangu, Mungu ambariki, ni mbishi, akachukua muda mrefu kuelewa kwa nini ameambiwa asije. Huko jikoni mwenyekiti wa wanaume wa kanisa alikuwa akivua plastiki kwa mwiko, akimwaga maji, akiosha sufuria na kutia mifupa. Alifungulia moto wote. Nilipopita nilimkuta akinusa mkono mmoja wa gari lake, ameukunja uso.

Supu ilipoiva ilikuwa usiku kabisa. Mama aliinywea chumbani kwake. Alionja.

"Chumvi imepungua," akasema. "Na mimi nilitia."

"Labda ilikauka na maji."

Mama alinitazama kwa muda. Mimi niliutazama mto wa kitanda, nikausifu moyoni kwa rangi yake. Kisha akaniomba chumvi, akamaliza bakuli, akaniambia nikamwambie mwenye nyumba kwamba supu ni tamu. Mwenye nyumba alikuwa amesimama nje ya mlango akisikia kila neno, lakini nilienda nikamwambia.

Kesho yake, baada ya kanisa, mama aliniamuru nifuatane na mume wangu Karen. "Wewe nenda," alisema. "Mimi nina supu." Kabla hatujatoka, mume wangu alikuwa ameutundika unga tena. Ule mkono uliochemka nusu siku ulishuka mbali sana chini ya alama ya jana. Alinionyesha rula. Hakuwa na mingine.

Uwanja wenyewe uko nyuma ya nyumba kubwa ya mtu mmoja ambaye alikubali bustani yake igeuzwe matuta ya udongo. Wanaume wenye vitambi na heshima zao husimama juu ya jukwaa la mbao, rimoti zimebanwa vifuani, na hakuna anayecheka. Daktari wa meno aliliinua gari la mume wangu alikague, akalisogeza karibu na pua.

"Hii gari iko na dhania?" akauliza.

"Ni hadithi ndefu, daktari," mume wangu akajibu.

Walipoanza, gari letu lilikuwa la aibu. Kwenye kona lilitangatanga, likienda kwanza lilikotaka, kisha lilikoambiwa. Magari yenye mikono ya kaboni yalilipita yakiwa yamenyooka kama wanajeshi. Halafu likafika kwenye ile nguzo. Niliona gurudumu la mbele likigonga, mkono ukakunjwa nyuma kabisa hadi gurudumu likalala kwenye mwili wa gari, nikafumba macho kwa mazoea. Nilipoyafumbua, mkono ulikuwa umerudi mahali pake na gari linaendelea, linayumba, limechafuka, zima. Nyuma yake mojawapo ya yale ya kaboni lilikuwa limeketi kwenye udongo na gurudumu lake likibingirika peke yake kuelekea kwenye maua ya mwenye bustani.

Alimaliza. Alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza, lakini alimaliza. Alishuka kwenye jukwaa, akapenga kamasi, akaniomba maji ya kunywa. Nilimpenda sana saa ile, na sikumwambia, kwa sababu angenieleza habari za plastiki njia nzima.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi alipika supu ya mifupa ya kweli, mwenyewe, akinipigia simu dukani kuniuliza tangawizi inaingia lini. Mama aliinywa. Aliacha fremu akashika mkongojo. Aliacha kutoka sebuleni mume wangu anapoingia. Alibaki kwenye kiti chake, ila aligeuza uso kwenye televisheni hata ikiwa imezimwa. Wao bado walizungumza kupitia kwangu. Mimi nilipanga kumwambia mama ukweli wa ile sufuria ya kwanza, na kila nikifungua mdomo nikajionea afadhali nisiharibu.

Hatimaye daktari alisema anaweza kwenda nyumbani. Ndugu yangu alipangiwa kuja kumchukua Jumamosi mchana, na kiondo kikafungwa tena, safari hii bila machozi. Nilifunga duka mapema nikarudi kumuaga. Mume wangu alikuwa mezani sebuleni na mikono mipya ya plastiki, mikavu, imetoka tu kwenye mfuko, kwa sababu ile ya dhania ilikuwa imetumika hadi ikachakaa. Alikuwa ameipanga kwenye gazeti akiitazama.

Mama alitoka chumbani na mkongojo wake. Alipita mbele ya televisheni, akafika mezani, akaikusanya mikono yote minne kwenye kiganja chake bila kuomba ruhusa. Tulimfuata jikoni, mume wangu na mimi, tukisukumana mlangoni. Aliishusha sufuria ya wageni, akaijaza maji, akaitumbukiza mikono mmoja mmoja, akawasha gesi. Kisha akageuka. Akamtazama mume wangu usoni, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu mtu huyo anioe.

"Baba," akamwambia kwa Kiswahili, "leo niweke kitunguu, ama ni chumvi peke yake?"

Mume wangu alinigeukia, kwa mazoea, ili nimpelekee jibu. Nilikataa kwa kichwa.

"Chumvi kidogo, mama," akasema.

Mama akatia chumvi. Nilimwuliza kwa Kikamba, alikuwa amejua tangu lini.

"Nimechemsha mifupa miaka yote hii," alijibu huku akikoroga. "Mifupa gani hiyo isiyokuwa na harufu? Nilifunua mara tu alipotoka."

"Na kitunguu?"

"Wewe ungekaaje kwa mkwe bila sababu?" Hakunitazama. "Usiku wote niliogopa kurudi kule shambani, na nilishasema nitaenda. Nikaona hii sufuria. Nikasema, basi, hii itakuwa supu."

Nililia hapo hapo, mbele yao wote wawili, na mume wangu, ambaye hakuelewa hata neno moja la Kikamba, akanipa kitambaa cha kukaushia vyombo. Mama alivuta stuli akaketi, na safari hii hakulipa jiko kisogo.

Ndugu yangu aligonga akaingia, funguo za gari mkononi. Alinusa hewa, akatutazama sisi watatu tumeizunguka sufuria.

"Mwaitu," akamwita mama kwa Kikamba, "uko tayari? Twende kabla ya jam."

Mama alisogeza mkongojo wake ukutani.

"Keti," akamwambia. "Bado haijaiva."